Kolesteroli 7.4: nianze dawa ya daktari au nijitibu kwa chakula?

Assalam aleikum dada yangu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 51 na watoto wanne, mkubwa wao ana 27. Sina presha wala kisukari. Hedhi ilikoma mwaka juzi. Mwezi uliopita nilipima damu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaambiwa kolesteroli iko juu. Karatasi imeandikwa hivi: jumla 7.4, LDL 5.3, HDL 1.3, trigliseridi 1.8. Daktari akaisoma, akaniandikia atorvastatin miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku, kisha akaita mgonjwa mwingine. Sikupata hata nafasi ya kuuliza.

Dawa nimeinunua, lakini iko kwenye droo na sijaifungua. Shoga yangu ameniambia dawa hizo ukizianza huziachi mpaka kaburini, na kwamba zinakula ini na misuli. Mdogo wangu wa kike aliyeko Maskati akaniletea makopo matatu ya vidonge vya asili: vitunguu saumu, mafuta ya samaki, na kimoja cha mchele mwekundu ambacho anasema huko watu wengi wanakisifu. Natumia vyote kwa wiki tatu sasa. Kila alfajiri pia nakunywa maji ya vitunguu saumu, tangawizi na ndimu kabla sijatia kitu tumboni, na kusema kweli kiungulia kimenishika.

Mayai nimeacha kabisa. Nazi ndiyo siwezi, wewe mwenyewe unajua jikoni kwetu. Na huku wengine wananiambia nazi ni kitu cha asili, haina neno, eti hata ninywe kijiko cha mafuta yake kila asubuhi.

Naogopa, dada. Baba yetu alifariki akiwa na miaka 49, alianguka njiani akitoka msikitini, hakuumwa hata siku moja. Baba mdogo naye akaondoka vilevile miaka michache baadaye. Watu walisema mengi. Mdogo wangu wa kiume yuko Mombasa, ana miaka 47, mzima wa afya, na yeye anacheka, ananiambia niache woga.

Nataka nijipe miezi mitatu ya chakula na vitu vya asili kabla ya kugusa dawa. Nifanye nini hasa?

Mwalimu, Tanga

*

Wa alaykum salaam mwalimu wangu,

Kabla ya yote, kopo la mchele mwekundu liweke kando leo hii. Lifungie mbali, usimpe jirani.

Huo si mchele wa kula. Ni mchele uliochachushwa kwa kuvu nyekundu, na kuvu ile hutengeneza kitu kinachoitwa monakolini K. Kitu hicho ni kilekile, bila tofauti yoyote, na dawa iitwayo lovastatin, ambayo mwaka 1987 ilikuwa ya kwanza katika kundi la statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, kuruhusiwa kuuzwa Marekani. Atorvastatin iliyoko kwenye droo yako ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo kwa wiki tatu umekuwa ukiikimbia statini huku unaimeza kutoka kopo jingine, bila kujua umemeza kiasi gani. Kopo moja linaweza kuwa na dawa kidogo sana, la pili likawa na nyingi. Mengine yamekutwa na sumu ya kuvu iitwayo sitrinini, ambayo huumiza figo. Umoja wa Ulaya ulilitazama jambo hili, na mwaka 2022 ukaweka sheria kwamba kidonge cha aina hiyo kisikupe miligramu 3 au zaidi za monakolini kwa siku. Na kama ungeamua kesho kuanza dawa ya daktari bila kuacha hicho, ungekuwa unatumia statini mbili kwa pamoja, na hapo ndipo misuli huumia kweli. Nenda na kopo hilo kwa daktari wako. Anatakiwa kulijua.

Sasa nije kwenye sentensi iliyonifanya niweke barua yako chini na kuisoma upya. Baba, miaka 49. Baba mdogo, vilevile.

Wewe umeiandika karibu na mwisho, baada ya nazi na mayai. Mimi ningeiandika mwanzo. LDL, ile kolesteroli mbaya inayoziba mishipa, ikifika 4.9 au zaidi, na katika familia kuna watu wa damu moja walioanguka ghafla katika umri mdogo, wanaume kabla ya 55 hasa, daktari anatakiwa kufikiria kolesteroli ya kurithi. Si ugonjwa wa nadra kama tunavyodhani: inakadiriwa mtu mmoja katika kila 300 hivi duniani anao. Kwa watu hawa ini lina milango michache ya kuchota LDL kutoka kwenye damu, tangu siku waliyozaliwa. Hawakuipata kwa kula. Mtu anaweza kuwa mwembamba, anatembea kwa miguu kila siku, hagusi nyama, na LDL yake ikabaki juu.

Sisemi unao. Kukoma kwa hedhi peke yake hupandisha LDL. Tezi ya thairoidi iliyolegea huipandisha pia, na figo zenye matatizo, na sukari. Ndiyo maana nataka urudi ukapimwe vitu hivyo vitatu, thairoidi, figo na sukari, na umwombe daktari akutazame kano za nyuma ya visigino na za mikononi kama zina vinundu au zimenenepa. Mweleze habari ya baba na baba mdogo kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Nina hakika hakuisikia, maana angekuuliza zaidi.

Sasa swali lako la miezi mitatu. Nitakujibu kwa hesabu, wewe ni mwalimu.

Daktari mmoja wa Toronto, David Jenkins, pamoja na wenzake, walichukua watu 46 wenye kolesteroli ya juu, na mwaka 2003 wakachapisha walichokiona. Kundi moja lilipewa chakula kilichopangwa kwa makini sana: kunde na soya, lozi, shayiri, bamia na biringanya, na siagi ya mimea iliyotiwa steroli, vitu vya mimea vinavyozuia kolesteroli isinyonywe tumboni. Kundi la pili lilipewa chakula cha kawaida chenye mafuta kidogo pamoja na statini. Baada ya wiki nne LDL ya waliokula chakula kile ilishuka kwa asilimia 28 na ushee, na ya waliotumia dawa kwa asilimia 31 hivi. Ni habari njema sana kwa chakula. Lakini watu wale walipelekewa kila kitu kikiwa kimepimwa. Watafiti walipowaachia watu wapike wenyewe majumbani, katika utafiti uliotoka mwaka 2011, baada ya miezi sita LDL ilishuka kwa asilimia 13 au 14.

Chukua 5.3 yako. Ukitoa asilimia 13 unabaki na 4.6. Ukijitahidi kama wale wa kupelekewa chakula, unafika 3.8. Mtu asiye na tatizo lolote la moyo tunataka awe chini ya 3. Kwa mwenye baba aliyeanguka akiwa na 49, daktari atataka ishuke zaidi ya hapo. Atorvastatin ya 20 kwa kawaida hushusha LDL kwa asilimia 40 na kitu, yaani karibu na 3.1, na ukiweka chakula juu yake unashuka chini ya 3.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nausema kwa moyo mmoja: rudi kwa daktari wiki hii, si baada ya miezi mitatu, mkubaliane kuhusu dawa, na chakula ukianze leo jioni. Kama LDL yako ingekuwa 3.8 na wazee wako wangefika themanini, ningekuambia jipe miezi mitatu na mimi ningekuwa upande wako. Na usidhani chakula kinakuwa kazi bure ukishaanza dawa. Kuongeza dozi ya statini mara mbili, mathalani kutoka 20 hadi 40, huleta nyongeza ya asilimia 6 tu. Sahani yako inaweza kukupa zaidi ya hapo, na huenda ndiyo itakayokubakisha kwenye dozi ndogo.

Haya, tuingie jikoni.

Jambo la kwanza kulielewa ni namna ini linavyofanya kazi. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwamo, haitoki kwenye yai. Ini huitumia, pamoja na mambo mengine, kutengeneza nyongo ya kusaga mafuta. Nyongo inashuka utumboni, inafanya kazi yake, halafu nyingi inanyonywa na kurudi kutumika tena. Ukila kitu chenye utelezi, mfano bamia, ule utelezi unaikamata nyongo na kwenda nayo chooni. Ini likiona nyongo imepungua, linachota LDL kwenye damu kutengeneza nyingine. Mafuta yanayoganda yanafanya kinyume: yanapunguza milango ya ini ya kuchotea LDL, ikabaki inazunguka.

Ukishajua hayo mawili, jiko la Tanga halikupi shida kubwa. Tazama kifungua kinywa chetu, mbaazi kwa maandazi. Mbaazi ni dawa hasa. Kikombe pungufu kidogo cha kunde zilizopikwa kila siku, ziwe mbaazi, maharage, choroko, dengu au kunde zenyewe, hushusha LDL kwa kama asilimia 5. Tatizo ni yale maandazi matatu yaliyotoka kwenye karai, na tui zito lililomiminwa juu ya mbaazi. Geuza kipimo: bakuli la mbaazi liwe kubwa, andazi liwe moja au muhogo wa kuchemsha, na tui liwe lile jepesi la mkamuo wa pili, kidogo, la kutia harufu tu.

Nazi najua itakuuma. Mimi pia nimelelewa kwa wali wa nazi, na sitakuambia uuhame. Lakini kitu kuwa cha asili hakikifanyi kisifike kwenye mishipa. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina ile inayopandisha LDL, yanaipita hata siagi. Yamepimwa mara nyingi yakilinganishwa na mafuta ya mimea kama alizeti, na LDL hupanda. Kile kijiko cha asubuhi ulichoshauriwa, usikinywe hata siku moja. Wali wa nazi uwe wa Ijumaa na wa wageni. Siku nyingine pika wali mweupe, au ugali, na samaki wa kupaka mgeuze awe mchuzi wa nyanya na ukwaju. Hautakuwa uleule, lakini ni mtamu.

Mafuta ya kupikia yawe ya kimiminika. Alizeti ya Singida inauzwa kila soko na haihitaji kwenda mbali. Yale yanayoganda kwenye kopo, watu wanayopenda kukandia chapati ili ziwe laini, yaondoe ndani ya nyumba kabisa. Chapati kanda kwa alizeti, na zipungue.

Bamia, biringanya na mlenda weka mezani mara nyingi uwezavyo, usikaange biringanya maana inakunywa mafuta kama sifongo, ichome au ichemshe. Karanga za kuchoma zisizo na chumvi au korosho, kiganja kimoja kwa siku, badala ya kashata na biskuti za chumba cha walimu. Parachichi kula. Uji wa shayiri, au ile shurba ya shayiri tunayoikumbuka Ramadhani tu, uwe wa mwaka mzima. Oti zinafanya kazi ileile: gramu 75 hivi za oti kavu hukupa gramu 3 za nyuzinyuzi zile za utelezi, kiasi kinachotosha kushusha LDL. Ni ghali kidogo kwa mshahara wa mwalimu, kwa hiyo kama mfuko hauruhusu, mbaazi na bamia zinakutosha. Samaki mafuta, vibua na dagaa, mara mbili tatu kwa wiki. Mayai matatu manne kwa wiki hayana ubaya kwako, rudisha. Si yai lililokufikisha 5.3.

Kuna kitu kimoja hukukitaja, lakini kwa kuwa uko Tanga nakiuliza: kahawa. Kahawa yetu ya dele, iliyochemka na kuchemka bila kuchujwa kwa karatasi, ina kitu kiitwacho kafestoli kinachopandisha LDL. Kikombe kimoja kimoja cha barazani hakina neno kubwa. Anayekunywa vikombe vitano sita kila siku, hiyo ni sababu kamili. Kahawa iliyopita kwenye karatasi ya kuchujia, au ya unga wa kuyeyuka, karibu haina kitu hicho.

Sasa yale makopo mawili yaliyobaki. Vitunguu saumu vimepimwa kwa haki. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwapa watu 192 vitunguu saumu, wengine vibichi kabisa, wengine vidonge, siku sita kwa wiki kwa miezi sita. Matokeo yalitoka mwaka 2007, LDL haikusogea. Mwaka 2022 Cleveland Clinic huko Marekani waliwagawa watu wapatao 190 makundi, wengine statini dozi ndogo, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa, wengine mafuta ya samaki, mdalasini, vitunguu saumu, manjano, steroli za mimea au mchele mwekundu. Baada ya siku 28 statini ilishusha LDL kwa karibu asilimia 38. Virutubisho vyote sita havikukishinda kidonge kitupu. Kwa hiyo vitunguu saumu virudishe kwenye mchuzi, huko ndiko vina kazi, na yale maji ya alfajiri yaache, yanakuchoma tumbo bure. Mafuta ya samaki hushusha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, siyo LDL, na trigliseridi zako ziko juu kidogo tu. Pesa ya kopo lile nunua vibua.

Ukitaka kabisa kitu cha kununua dukani, kipo kimoja ninachokiamini: maganda ya isabgol, yanapatikana kwenye maduka ya Wahindi, watu huyatumia kwa choo kigumu. Kama gramu 10 kwa siku, zigawe asubuhi na jioni, uanze kidogo kidogo maana tumbo hujaa gesi, kila mara na glasi kubwa ya maji, na uyaweke mbali na dawa zako kwa saa mbili. Kazi yake ni ileile ya utelezi wa bamia.

Shoga yako simlaumu. Ni kweli kwamba statini inaweza kuuma misuli, na daktari atakupima ini. Lakini madhara makubwa ni nadra. Huko Uingereza walichukuliwa watu 60 walioacha dawa hizi kwa sababu ya maumivu, wakapewa kwa miezi tofauti dawa yenyewe, kidonge kitupu, na mwezi mwingine wasipewe kitu, na wao hawakujua kipi ni kipi kati ya vidonge. Karibu asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye dawa waliupata pia kwenye kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, waliyasikia mwilini, ila nusu yao walipoona matokeo yao wenyewe walirudi kwenye dawa. Ukipata maumivu makali ya misuli au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, simamisha na uende hospitali siku hiyohiyo. Na balungi usilile wala usinywe maji yake kwa wingi ukiwa kwenye atorvastatin, linaifanya dawa ijae mwilini.

Kuhusu kuitumia miaka mingi, ndiyo, huenda ikawa hivyo. Si kwamba inakuzoesha. Ini lako litaendelea kufanya kama lilivyozoea, na ukiacha, LDL inarudi ilipokuwa.

Pima tena baada ya wiki nane mpaka kumi na mbili, mahali palepale. Uniandikie namba.

Na jambo la mwisho, ambalo limenikaa moyoni kuliko nazi na bamia. Kama hii ni ya kurithi, kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na kila ndugu yako wa baba mmoja vilevile. Watoto wote wanne wapimwe, hata mdogo kabisa. Dada wa Maskati apimwe. Lakini kwanza huyo wa Mombasa. Ana miaka 47, miwili pungufu ya baba. Mpigie usiku huu, usimwambie habari za woga, mwambie tu aende asubuhi akatolewe damu, kisha akusomee karatasi kwenye simu. Na akikuambia hata kwa kupitia tu kwamba kifua kinambana akipanda ngazi, asisubiri majibu, aende hospitali moja kwa moja.